Pasipoti Ndani ya Chungu cha Songpyeon

Agosti 27. Mvua tangu alfajiri.

Leo nimefanya jambo ambalo sitamwambia mtu, kwa hiyo naliandika.

Thoa, mke wa mwanangu, alikuwa bafuni akimwogesha mjukuu wangu, Sol-bi. Nimefungua droo yake ya chini, nikatoa pasipoti yake na ya Sol-bi, nikazifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuzitia ndani ya chungu cha kuvukia, kile cha udongo cha kupikia kwa mvuke, chenye matundu kitakoni, kinachokaa rafu ya juu kabisa stoo. Chungu hicho hushushwa mara moja tu kwa mwaka, tunapopika songpyeon, vile vikeki vya mchele vya Chuseok, sikukuu ya mavuno. Mwaka huu Chuseok ni Oktoba 6. Nina siku arobaini za kufikiri.

Juzi ilikuja simu kutoka Vietnam. Mama yake Thoa ameanguka jikoni kwake, upande mmoja wa mwili umekufa ganzi. Thoa akamwambia mumewe anataka kwenda na mtoto, wiki tatu tu. Gwang-deok akasema sawa. Mwanangu kila kitu husema sawa. Ana miaka arobaini na sita, alioa akiwa na arobaini na mbili, baada ya wasichana wote wa wilaya hii kuhamia mjini, na hajui kilichompata jirani yetu. Au anajua na hataki kujua.

Mke wa Jae-pil, jirani, naye alikuwa Mvietnamu. Miaka miwili iliyopita aliaga kwamba anakwenda kusalimia kwao, akambeba mtoto mgongoni. Mpaka leo. Jana Mama Jae-pil alikuja kuazima ungo, akasimama mlangoni akaniambia, "Mama Gwang-deok, ndege akishaonyeshwa dirisha hufungi tena. Mimi nilimfungashia hata chakula cha njiani."

Sikulala vizuri. Asubuhi nikafungua droo.

Agosti 29. Mvua.

Nimefagia ua mara mbili. Hakuna kilichokuwa kimeanguka.

Septemba 1. Jua kidogo, kisha mawingu.

Pilipili nimezianika, nimezianua, nimezianika tena. Zikinyeshewa mara moja zaidi zitaoza.

Septemba 4.

Thoa ameanza kutafuta.

"Mama, hujaona kijitabu changu cha kijani?"

"Kijitabu gani?"

"Pasipoti. Nilikiweka droo ya chini pamoja na cha Sol-bi."

"Mtoto siku hizi anachokoa kila kitu," nikasema. "Tazama chini ya kitanda."

Akainama kutazama. Akavuta sanduku, akavuta mkeka, akatoa soksi moja ya Gwang-deok iliyopotea tangu masika. Sol-bi naye akainama kando yake, matako juu, akitazama gizani bila kujua kinachotafutwa. Nimemsingizia mtoto wa miezi ishirini.

Septemba 6. Mvua.

Ametafuta kwenye mashine ya kufulia. Ametafuta kwenye gunia la mchele.

Septemba 9. Mawingu.

Gwang-deok amenikuta shambani nikichuma majani ya ufuta.

"Mama, zile pasipoti."

"Zimefanya nini?"

"Hujui zilipo?"

"Kama ningejua ningekaa kimya huku mkeo anapekua nyumba kama askari?"

Alinitazama. Ana macho ya baba yake, macho ya mtu anayesubiri mwenzake amalize. Kisha akasema sawa, akapanda trekta. Amepiga simu kuulizia pasipoti mpya. Inachukua wiki kadhaa, na Thoa lazima aende ubalozini Seoul mwenyewe.

Wiki kadhaa. Nilipaswa kufurahi. Niliendelea kuchuma mpaka nikagundua nimechuma hata majani ya manjano yasiyofaa.

Septemba 12.

Nilikuwa nje nikimenya vitunguu saumu, dirisha likiwa wazi. Thoa alikuwa anaongea na mama yake kwa simu. Lugha yao siijui, lakini mtu hahitaji lugha kusikia sauti ya mgonjwa. Ilikuwa sauti ya mtu aliyejaza chakula mdomoni, nzito, inayoburuta. Lakini ilisema. Ilisema sana. Mara ikacheka, na Thoa akacheka, halafu akanyamaza ghafla, na yule mama akaendelea kusema peke yake.

Niliingia stoo. Chungu kipo palepale.

Septemba 13. Nimeingia stoo mara tatu. Mara ya tatu nikatoka na chumvi ambayo sikuihitaji.

Septemba 15. Mvua. Mvua. Mvua.

Septemba 18. Upepo mkali na mvua.

Mpunga wa shamba la chini umelala wote. Wiki mbili tu kabla ya kuvunwa. Mpunga ukilala majini siku tatu unaota ukiwa bado kwenye suke, na hapo umekwisha. Gwang-deok alikuwa kwenye mashamba ya wenzake, kwa hiyo tuliingia mimi na Thoa. Mtoto tulimwacha kwa Mama Jae-pil. Tukawa tunainua mashina manne manne na kuyafunga kwa kamba ili yashikane, saa sita nzima, matope mpaka magotini. Mimi nina miaka sabini na moja. Mgongo wangu ulisalimu amri saa nane mchana, nikakaa kwenye tuta.

Thoa hakusimama. Alimaliza mstari wake, akaingia wangu. Ana mikono midogo lakini hufunga fundo moja tu na haliachii. Nikajiuliza, mtu anayetaka kukimbia anafunga mpunga wa nani?

Halafu nikajijibu: hata mke wa Jae-pil alichuma pilipili zote kabla ya kuondoka.

Septemba 20.

Nilisikia kiti kikiburutwa stoo. Nilitoka uani mbio, na mimi siku hizi sikimbii. Thoa alikuwa amesimama juu ya kiti, mkono umenyooka.

"Unatafuta nini huko juu?"

"Chupa kubwa ya siki, Mama."

"Siki iko chini. Shuka, utaanguka."

Akashuka. Akanitazama kifuani, jinsi nilivyokuwa nahema.

"Mama unaumwa?"

"Siumwi."

Septemba 22. Jua, hatimaye.

Leo niliamua kuzihamisha pasipoti. Thoa alikwenda zahanati na mtoto kwa ajili ya sindano. Nimeweka kiti, nimepanda mguu mmoja, na sauti ya Mama Jae-pil ikaingia mlangoni kabla yake mwenyewe.

"Mama Gwang-deok, unapanda wapi na magoti hayo? Unataka tukuzike kabla ya sikukuu, tukose songpyeon zako?"

Nikashuka. Akakaa, akanywa chai, akala viazi vitamu vitatu. Akauliza kama safari ya mkamwana wangu imeiva. Nikasema pasipoti imepotea. Akaniangalia, kisha akacheka kwa pua.

"Vitu hupotea," akasema. "Na mimi ningekuwa na akili ya kupoteza vitu, ningekuwa na mjukuu."

Alipoondoka, Thoa alikuwa ameshafika getini.

Septemba 27. Jua kali. Hakuna wingu hata moja.

Nimetoka kanisani saa sita mchana. Nimeingia uani. Chungu cha kuvukia kiko juu ya jiwe karibu na bomba, kimeoshwa, kimefudikizwa juani kikauke. Maji yalikuwa bado yanadondoka kwenye matundu.

Thoa alikuwa anaanua nguo za mtoto. "Nimekiosha mapema, Mama," akasema bila kugeuka. "Mwaka jana kilichelewa kukauka, kikanuka ukungu."

"Umefanya vizuri," nikasema.

Nikaingia stoo. Rafu tupu. Nikapapasa nyuma ya magunia, nyuma ya mitungi ya kimchi, kabichi zetu za kuchachusha, sakafuni. Nikatoka. Nikaosha mikono ambayo haikuwa michafu. Yeye alikunja nguo, akaziweka mkononi moja juu ya nyingine, akaingia ndani.

Tulikula chakula cha mchana, akanipakulia samaki upande usio na miiba kama kila siku.

Septemba 28.

Chakula cha jioni. Gwang-deok ameweka kijiko chini.

"Mama, pasipoti zimeonekana."

Supu ilinipita njia siyo. Nilikohoa mpaka machozi.

"Zilikuwa wapi?" nikauliza, kwa sababu mtu asiyejua huuliza.

"Eti kwenye begi la nguo za Sol-bi za baridi. Kumbe tumehangaika mwezi mzima."

Nikamtazama Thoa. Alikuwa anampulizia mtoto supu. Alipuliza, akaionja kwa ncha ya mdomo, akapuliza tena.

"Ndege zote zimejaa kwa ajili ya sikukuu," Gwang-deok akaendelea. "Nafasi ya karibu ni tarehe nane. Atakwenda peke yake. Mtoto atabaki na sisi."

"Peke yake?"

"Yeye mwenyewe kasema hivyo. Kasema Mama atakuwa na wasiwasi."

Neno hilo, wasiwasi. Nani kamfundisha mkamwana wangu kunisitiri namna hii? Angenitukana mbele ya mwanangu ningejua pa kusimama. Ningesema nilifanya kwa ajili ya mtoto, ningelia, ningelala siku mbili bila kula, mambo yangekwisha. Sasa nina deni la uongo wake, na uongo huo ni mzuri kuliko wangu.

Septemba 30. Ukungu asubuhi.

Siku tatu sasa tunapishana jikoni kama watu wawili waliobeba maji ya moto.

Sikutaka kuandika hili, lakini linakuja lenyewe.

Niliolewa hapa nikiwa na miaka ishirini na moja. Mama mkwe wangu hakuwa mkatili. Alikuwa mtu wa kazi, na kwake mkamwana alikuwa mkono wa ziada. Mkono hauombi ruhusa ya kwenda kwao. Zamani, baada ya Chuseok, mwanamke aliyeolewa mbali aliruhusiwa kukutana na mama yake nusu ya njia. Siyo kwenu, siyo kwa mume. Katikati. Mama anatoka kwake, binti anatoka kwake, wanakutana mahali, wanakula walichobeba, na jua likianza kushuka kila mmoja anarudi alikotoka. Mwaka wangu wa pili nilipewa hiyo nusu siku. Tulikutana kwenye daraja la mawe. Mama alikuwa amebeba songpyeon kwenye kitambaa. Zilikuwa zimegandana kwa sababu alitoka usiku. Tukawa tunazibandua moja moja. Hatukuongea mambo makubwa. Aliniuliza kama kisima kiko mbali. Alinitazama vidole, akavigeuza.

Majira ya baridi ikaja habari kwamba mama ni mgonjwa. Mama mkwe akasema, tumalize kimchi kwanza, utakwenda. Kabichi zilikuwa mia mbili. Tulimaliza siku ya nne. Nilipofika kwetu, kaburi lilikuwa na theluji juu yake.

Nilimchukia yule mwanamke miaka thelathini, mpaka nikaiosha maiti yake kwa mikono yangu. Na mwezi uliopita nilifungua droo ya binti wa mwanamke mwingine.

Oktoba 2. Mvua ndogo. Nilimwita Thoa nimwambie. Alipofika nikamwambia alete mwiko.

Oktoba 4. Jua.

Mchele mpya, wa shamba la juu ambalo halikulala, tumeuloweka tangu jana na kuupeleka mashineni kusagwa na chumvi. Foleni mpaka barabarani. Kila mama na beseni lake. Mama Jae-pil alikuwa nyuma yetu, akamwambia Thoa, "Kwa hiyo unatuacha?"

"Nakwenda kumwona mama."

"Wote huenda kumwona mama," akasema.

Thoa akasogeza beseni mbele. Mimi nilipaswa kujibu. Nilikuwa natazama unga ukitoka, mweupe, wenye joto, ukianguka ndani ya beseni.

Jioni alipanda kilimani peke yake kuchuma majani ya msonobari. Aliyaosha, akayachambua, akaondoa vikonyo. Nilimfundisha hayo mwaka wake wa kwanza na hajasahau hata moja.

Oktoba 5. Kesho ni Chuseok. Mawingu yasiyonyesha.

Naandika yote jinsi yalivyokuwa.

Gwang-deok alimchukua mtoto kwenda kufyeka majani makaburini. Tukabaki wawili. Nilimimina maji yanayochemka kwenye unga kidogo kidogo, yeye akakanda. Maji lazima yawe ya moto, la sivyo vikeki hupasuka mbavuni vikivukiwa. Unga ule ukimwunguza mtu mikono hatakiwi kuacha. Anahamisha viganja tu. Thoa alikanda mpaka ukawa laini kama ndewe ya sikio, tukaufunika kwa kitambaa kibichi. Nikasaga ufuta uliokaangwa, nikachanganya na sukari na asali. Tukakaa chini, sinia katikati, tukaanza kufinyanga. Unabana donge, unalitoboa kwa kidole gumba, unatia ufuta, unafunga, unaminya mpaka liwe nusu mwezi.

Yangu ya kwanza ilipasuka. Ya pili pia. Miaka hamsini nafinyanga songpyeon.

"Unga umekauka upande wako, Mama," akasema, akanikatia donge kutoka kwake.

Hapo ndipo nikasema.

"Nilizificha mimi."

"Najua."

"Nilijua unajua."

Akaendelea kuminya. Akaweka kikeki sinia, akachukua donge lingine.

"Kwa nini ulimdanganya mumeo?"

"Ningemwambia angekuuliza. Ungelia. Yeye angekaa katikati, hajui aseme nini, na mpunga bado uko shambani." Akatia ufuta. "Halafu nilitaka uniambie mwenyewe. Kila asubuhi nilisema, leo Mama atasema. Majuzi uliniita nikaja mbio. Ukaniambia nilete mwiko."

Nikafinyanga kimoja, kikatoka kibaya.

"Uliogopa nini, Mama?"

"Unajua nilichoogopa. Mke wa Jae-pil."

Akaweka mikono magotini, yote ina unga. Ndiyo mara ya kwanza leo kunitazama usoni.

"Mke wa Jae-pil nilimpeleka kituo cha basi mimi," akasema. "Alikuwa na jino limevunjika. Alinionyesha na mgongo. Mtoto alikuwa ameshaanza kujificha chini ya meza akisikia gari la baba yake. Nilimpa koti langu la kahawia. Lile uliloniuliza limekwenda wapi, nikasema nimelisahau kliniki."

Koti hilo nalikumbuka. Nilimsema wiki nzima kwa uzembe.

"Mama yake Jae-pil alijua?"

"Kuta zao ni nene kuliko zetu?"

Nje mbwa wa mtu alibweka, akanyamaza. Nikajiona miezi na miezi nikinywa chai na Mama Jae-pil, nikipokea hofu yake kama mtu anayepokea mbegu, nikiipanda ndani ya nyumba ambamo hakuna mtu aliyewahi kuinua mkono.

"Mwanangu amewahi…" nikaanza.

"Hapana. Gwang-deok hapigi hata mbwa. Ningekwambia."

Tukafinyanga. Nilimwambia habari ya daraja la mawe, na kabichi mia mbili. Sikumwambia ili anihurumie. Nadhani sikumwambia kwa hilo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo ulijua inavyouma."

"Nilijua."

"Ukafanya."

"Nikafanya."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayehakikisha amesikia bei sawasawa.

Sinia likajaa. Nikatandaza majani ya msonobari kwenye chungu, nikapanga songpyeon, majani tena, songpyeon tena, nikafunika. Mvuke ulipoanza kutoka, nyumba ikanukia misonobari ya kilimani. Nusu saa. Sikuweza kukaa. Nilikwenda getini, nikarudi, nikakwenda kibanda cha kuku, nikarudi. Yeye alikuwa amechukua unga uliobaki na choroko alizopika asubuhi, akawa anaviringa vidonge vya duara kabisa. Mwaka wake wa kwanza alifanya hivyo nikamkemea kwamba hatutengenezi mipira.

"Hizo za nani?"

"Za mama. Kwetu tunaviringa."

Nikakaa. Nikachukua donge, nikaliviringa. Likatoka na kona.

"Mchukue mtoto," nikasema.

Akaacha kuviringa.

"Mama yako hajamwona. Miezi ishirini, hajamshika. Mtoto anapakatwa, hahitaji kiti cha ndege. Gwang-deok apige simu leo."

"Mama, una hakika?"

"Sina. Mchukue."

Alifunika uso kwa mkono, na unga ukabaki kwenye nyusi. Hakulia kwa sauti. Mimi nilisimama kuangalia moto, kwa sababu songpyeon zikikaa dakika tano za ziada huwa gundi.

Oktoba 6. Chuseok. Mvua, mwezi haukuonekana. Songpyeon zimetoka nzuri, hakuna iliyopasuka isipokuwa zangu.

Oktoba 8.

Wameondoka na basi la saa mbili asubuhi. Zile za duara tuliziacha mbichi, tukazigandisha na kuzifunga kwa magazeti na taulo, awavukie huko. Thoa aliushika mkono wa Sol-bi, akanipungia nao. Tiketi ya kurudi ni tarehe 22.

Oktoba 9. Nyumba ni kubwa mno.

Oktoba 11.

Simu. Wamefika tangu juzi. Thoa alielekeza kamera ya simu kitandani kwa mama yake. Mwanamke mdogo, mdogo kuliko nilivyodhani, na kwa umri pia. Hana hata sitini. Sol-bi amekaa karibu na bega lake akila kikeki cha choroko. Yule mama alinitazama. Nikainamisha kichwa. Midomo yake haikusogea. Nikasema kwa lugha yetu, pole, ugua pole. Nikasikia jinsi maneno hayo yalivyo mepesi.

Oktoba 14. Mama Jae-pil alikuja na sahani ya matufaha. "Umempa na mtoto," akasema. "Hata mimi sikuwa mjinga kiasi hicho." Nikamwuliza jino la mkamwana wake lilivunjika vipi. Akageuzageuza tufaha moja sahanini. Kisha akasema, "Nilikuwa naongeza sauti ya televisheni," akachukua sahani yake, matufaha yakiwa bado ndani, akatoka.

Oktoba 17. Jua.

Mama yake Thoa amefariki leo asubuhi. Gwang-deok alipokea simu akiwa juu ya mashine ya kuvunia, akaizima katikati ya mpunga. Nilitaka aende. Hakuna nafasi, na mazishi ni kesho.

Oktoba 22. Hawakurudi. Thoa amesogeza tiketi, kuna mambo ya msiba. Hakusema mpaka lini.

Oktoba 23. Nimefagia ua.

Oktoba 25. Nimefua nguo za mtoto zilizokuwa safi.

Oktoba 29. Baridi imeingia.

Siku tatu simu haipokelewi. Gwang-deok anakula akiwa amesimama. Leo amesema, "Mama, ulifanya vizuri kumpa mtoto." Nikamwuliza kama anasema kweli au ananituliza. Akasema hajui. Nikamwambia mimi ndiye niliyezificha pasipoti. Akasema, "Najua, Mama. Begi la nguo za baridi nilikuwa nimelipekua mwenyewe mara mbili."

Kumbe wote tulijua. Watu watatu kwenye meza moja, kila mmoja anapuliza supu yake.

Novemba 1. Simu yake ilikuwa imeharibika, maji ya mvua. Amepiga kwa simu ya kaka yake. Watarudi tarehe 8.

Novemba 8. Wamerudi. Sol-bi alinitazama kama mgeni, kisha akanipa ganda la konokono. Thoa amekonda. Amelala tangu saa tisa mchana.

Novemba 9. Jua la baridi, hakuna upepo.

Asubuhi nilimkuta uani ameshaanza kazi, anapasua kabichi za kimchi na kuzitia maji ya chumvi. Nikamwambia apumzike. Akasema akipumzika anajisikia vibaya zaidi. Nikachukua kisu kingine, nikakaa ng'ambo ya beseni.

Tulipasua kama ishirini. Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

"Alipoteza kauli tarehe ishirini na mbili Septemba. Agosti alikuwa anaongea. Ungenipa wakati ule ningemkuta anaongea."

Kisu changu kikasimama.

"Alikuwa na maneno ya kuniambia," akasema. "Kaka anasema kila siku alisema anayo, ila hataki kuyasema kwa simu wala kwa mtu mwingine. Sasa sijui yalikuwa nini."

Tarehe ishirini na mbili Septemba nilikuwa juu ya kiti stoo, mguu mmoja. Nimerudi nyuma kwenye daftari hili kutazama. Nimeandika jua, hatimaye.

"Nimerudi kwa sababu baba yake Sol-bi yuko hapa na maisha yangu yako hapa," Thoa akaendelea. "Sijakusamehe. Nakwambia ili usije ukadhani nikikupakulia samaki basi yamekwisha."

"Sitadhani."

"Huenda siku moja. Sijui."

"Usijilazimishe."

Akachukua kabichi nyingine, akaipasua kwa pigo moja, akaipanua kwa vidole. Ningeweza kusema mengi. Yote niliyoyafikiria yalikuwa ya kunisaidia mimi. Nikatafuta lililokuwa lake, na nililolipata lilinitia aibu kuliko mengine yote, kwa sababu miaka minne tumekula chungu kimoja.

"Mama yako aliitwa nani?"

Aliinua kichwa. Alinitazama, pengine akipima kama nastahili.

"Lai," akasema. "Ni ua dogo jeupe, lina harufu."

Nikalitamka. Akasema siyo hivyo, sauti inashuka, kama unaweka kitu chini. Nikalitamka tena, vibaya. Akanisahihisha. Nikarudia, akanisahihisha tena, na kabichi zilikuwa bado nyingi.